Kopo la Bi Somoe na Wizara ya Ukingo

Nchi yetu ina jina zuri mno, lakini kwa sasa siwezi kulitaja kwa sababu limepelekwa kukarabatiwa. Likirudi mtaambiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, ina wimbo, ina wizara nyingi zenye kazi na nyingine nyingi zaidi zinazosubiri kutafutiwa kazi, na tangu mwaka jana ina ukingo.

Mimi ni balozi wa mtaa. Si balozi wa kwenda Ulaya, msije mkanisalimia kwa Kifaransa. Balozi wa hizi nyumba unazoziona kuanzia kwa fundi baiskeli mpaka kwenye bomba lisilotoa maji. Nina muhuri. Mtu akitaka kuhama, kuoa, kufungua kesi au kuifuta, anakuja kwangu nampigia muhuri. Nalala nao chini ya mto. Mke wangu, Bi Somoe, husema angejua mapema angeolewa na muhuri wenyewe, apunguze mdomo mmoja wa kulisha.

Nawaambieni haya ili mjue kuwa mimi ni mtu wa serikali. Serikali ikisema jambo, naamini. Kesho yake ikisema kinyume chake, naamini hilo pia. Watu wananiuliza, Balozi, huchoki? Nachoka wapi, jamani? Ni mazoezi tu.

Basi sikilizeni.

*

Ilianza na Wahisani. Wahisani ni watu wa nchi ya baridi wanaotupenda sana, na wakija kutupenda hawaji mikono mitupu. Safari hii walikuja na lori. Lori la kijani, linanukia upya, lina mkono wa chuma unaonyanyua pipa bila kuguswa na mtu. Wakasema: kwetu, kila nyumba hutenga taka zake na kuziweka ukingoni mwa barabara, chupa huku, karatasi kule, kisha lori hupita kuzichukua zikatengenezwe upya. Lori ndilo hili. Tutarudi kuliona limejaa.

Wakubwa wetu wakapiga makofi. Yalipoisha, mmoja wao akainama akamnong'oneza mwenzake: "Hivi, ukingo ni nini?"

Swali zuri sana. Maana barabara ya mtaa wetu ina mashimo, ina mbuzi, ina dimbwi ambalo serikali hii ililirithi kutoka serikali iliyopita, lakini ukingo haina. Nchi nyingine ingekwama hapo. Yetu ikaunda Wizara ya Ukingo na Vilivyokwisha Kazi, na Waziri wake akawa Mheshimiwa Mfaume Jongo, kijana wetu kabisa, wa mtaa wa pili. Mama yake, Bi Hidaya, bado anaishi kulekule, anakaanga maandazi ya asubuhi, na ndiye mtu pekee nchini anayemwita Waziri "Mfaume" bila kutanguliza kitu.

Wakaja mafundi, wakajenga ukingo mbele ya nyumba yangu. Wa saruji, umepakwa rangi nyeusi na nyeupe, unatosha kukaliwa na watu wachache waliobanana. Barabara haikuguswa. Mheshimiwa akaja kuuzindua mwenyewe, akakata utepe, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaobeza. Wanauliza, ukingo tumeuona, barabara iko wapi? Mimi nawajibu: chora duara! Unaanzia wapi? Pembeni! Nchi makini huanzia pembeni. Katikati patafuata!"

Tulishangilia mpaka mbuzi wakatawanyika. Akatukabidhi mapipa matatu, la bluu, la kijani na la njano, akatangaza kwamba huu ndio ukingo wa mfano, na Wahisani watakuja kuutazama huuhuu. Kisha akanivuta pembeni, akanishika bega kwa upendo.

"Balozi wangu," akasema, "mapipa haya yasipojaa, ule muhuri tutautafutia mtu anayejua kujaza."

Nikaupapasa muhuri mfukoni kuhakikisha bado upo.

*

Maelekezo yalitoka redioni, kati ya salamu na vifo. Kila kitu cha nyumbani kilichokwisha kazi kiwekwe ukingoni. Plastiki na chupa, pipa la bluu. Bati, la kijani. Karatasi, la njano. Kiwe kitupu, kimeoshwa, kimekaushwa. Rahisi kabisa. Nikamwita mke wangu, tukaanza na jikoni.

"Kopo la maziwa ya unga," nikasema. "Maziwa yalikwisha zamani. Bati. Kijani."

"Na sukari niitie wapi, kwenye kofia yako?"

Nikaliacha. Nikashika bati la biskuti. Sikulifungua hata kidogo, maana hakuna mtu katika nchi hii asiyejua kilichomo ndani ya bati la biskuti: nyuzi, sindano, vifungo visivyofanana. Nikasogea kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Linabeba maji. Nikalitazama kopo la rangi. "Utaogea nini?" akauliza kabla sijafumbua mdomo. Chupa za jemu zilikuwa na bizari, iliki na mdalasini. Betri za redio zilikuwa juu ya bati la paa, zinaota jua zipate nguvu.

"Trei la mayai basi! Karatasi hilo, la njano."

"Mbu utawafukuza kwa hotuba? Hilo tunalichoma jioni."

"Magazeti?"

"Yametandikwa kabatini. Yaliyobaki nafungia karanga. Waziri wenu mwenyewe yumo humo, nimemfungia za kukaanga."

Nyuma ya mlango palikuwa na mfuko wa plastiki. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na mfuko, na ndani ya huo mlikuwa na mingine. Nikaufunga kwa heshima. Nikaokota dekio, nikaligeuzageuza. Nililitambua. Ilikuwa kanga ya harusi yetu. Baadaye ikambeba mtoto wetu Riziki mgongoni, ikawa pazia, na sasa inapiga deki. Haikuwa na rangi ya pipa lolote.

"Mke wangu," nikasema, jasho linanitoka, "ina maana humu ndani hakuna kitu hata kimoja kilichokwisha kazi?"

Bi Somoe aliniangalia kutoka juu hadi chini, polepole. Nikabadilisha mazungumzo.

*

Mtaa mzima ulikuwa hivyohivyo. Watu walinijia mlangoni na vitu mikononi wakitaka ushauri. Fundi baiskeli alikuja na mpira wa ndani wa gurudumu, akauliza ni wa pipa gani. Kabla sijajibu akakumbuka kwamba ndio unaofunga mlango wa choo chake, akarudi mbio. Mapipa yalikaa pale ukingoni, matupu, yanameremeta. Kuku wakataga kwenye la njano.

Ndipo Wizara ikanitumia Afisa Ukingo, Bwana Lukindo. Kijana msomi, ana kofia ngumu na miwani, amesomea vitu vilivyokwisha kazi mpaka ngazi ya juu. Alikuja na kanuni moja ambayo, nakiri, ilinifurahisha kwa unyoofu wake.

"Kazi ya kitu," alisema, "ni ile iliyoandikwa juu yake. Hapa pameandikwa biskuti. Ndani mna biskuti?"

"Mna nyuzi," akajibu Bi Somoe.

"Basi bati hili linaishi maisha ya uongo."

Akapita nyumba hadi nyumba akifichua uongo. Dumu lililoandikwa mafuta likakutwa na maji. Chupa iliyoandikwa jemu ikakutwa na pilipili. Kila alichokigusa akakitangaza kimekwisha kazi bila chenyewe kujua. Mwishowe akarudi kwetu, akafungua kabati, akatoa kopo la aiskrimu. Jeupe, la plastiki, lina mfuniko wa bluu ulioungua kidogo pembeni.

"Vanila," akasoma, na sauti yake ikabadilika. Akafungua mfuniko taratibu. Yalikuwa maharage.

Kijana wa watu akavua miwani, akakaa juu ya kinu. "Hata kwetu," akasema. "Utoto wangu wote. Unaona kopo, moyo unaruka, unafungua... maharage." Bi Somoe akampa maji. Akanywa, akajikaza, akavaa miwani. "Hili ndilo la kwanza kwenda ukingoni. Pipa la bluu."

"Kopo hili halitoki," akasema mke wangu.

Sasa lazima niwaeleze. Aiskrimu ile tuliila siku Riziki alipofaulu kwenda sekondari, na iliisha siku hiyohiyo. Kopo ndilo lililobaki kuishi. Mgeni akihamia mtaani, Bi Somoe humpelekea chakula ndani ya kopo lile. Mtu akifiwa, kopo linakwenda. Akijifungua, kopo linakwenda. Na mtaani kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Utaweka ndimu, utaweka kipande cha muhogo, ukikosa kabisa utaweka chumvi kiganja kimoja, lakini utaweka. Hatukuandika popote. Bwana mmoja wa nyumba ya kona aliwahi kurudisha sahani tupu. Hakuna aliyemwambia neno, ila baada ya muda alihama mwenyewe. Kwa hiyo kopo lile limekwenda na kurudi, limekwenda na kurudi, na kila liliporudi Bi Somoe alijua nani hali yake njema na nani hali yake mbaya. Hakuwa na kitu alichokipenda zaidi ya kopo lile. Nilikuwa nafikiri ni mimi, lakini niliwahi kuuliza.

Nikamwonyesha muhuri wangu. Niliushika tu kifuani namna ile ya kumhuzunisha mtu.

Akashusha pumzi. "Haya, Baba Riziki. Nitaliweka hapo nje, kwa ajili yako. Lakini mimi sijawahi kumpa mtu kopo tupu, na sitaanza na serikali."

*

Asubuhi ya lori, Bi Somoe alitoka na kopo lake. Ndani alikuwa amepakia pilau, amebandika vipande vya nyama juu, na kachumbari pembeni kwenye kimfuko. Akaliweka kwenye pipa la bluu, akafunika, akarudi ndani.

Majirani waliona. Na wewe niambie, nani angeweza kuweka chombo kitupu karibu na kile? Angetazamwa vipi? Mama wa nyumba ya pili akarudi na lake limejaa maharage ya nazi. Kwa fundi baiskeli yakatoka mabati ya biskuti, yamejaa visheti. Madumu yakaja na togwa. Makopo ya maziwa yakaja na samaki wa kupaka, bado wa moto. Hadi adhuhuri mapipa yote matatu yalikuwa yamefurika na mtaa mzima unanukia sikukuu.

Lori likaja. Mkono wa chuma ukanyanyua pipa la kwanza, na wallahi nawaapia, ulilinyanyua polepole kuliko kawaida. Bwana Lukindo akafungua kopo la Bi Somoe ili alikatae kwa mujibu wa kanuni. Akainama. Akanusa. Tukaona koo lake linapanda na kushuka.

"Hizi taka," akasema, "zinahitaji uchunguzi wa kina."

Zikapelekwa Wizarani. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba uchunguzi umefanyika, umerudiwa, na taka za mtaa wetu ni za kiwango cha juu kabisa. Mheshimiwa akanipigia simu akanipongeza mdomo umejaa.

Ukawa utaratibu. Kila siku ya lori sisi tunajaza, Wizara inachunguza. Wizara nyingine zikasikia, zikaomba ziunganishwe na zoezi la mazingira. Kantini ya Wizara ikafungwa, mpishi akapewa uhamisho. Mikutano ya Baraza la Mawaziri ikahamishiwa siku ya lori. Mafundi cherehani wa mjini wakawa na kazi moja tu, kupanua suruali za wakubwa viunoni. Ikafika mahali redio ikatangaza: "Wananchi wanakumbushwa kwamba taka za wiki iliyopita zilipungua chumvi. Aidha, wanaoweka taka zenye miiba waichambue kwanza, Waziri wa Fedha amekwamwa."

Nilijaa fahari. Ni nchi gani nyingine ambayo viongozi wake wanazipenda taka za wananchi kiasi hicho?

Tatizo lilikuwa dogo tu. Vyombo havikurudi.

Mwanzoni Bi Somoe alikuwa akitoka kila alasiri anakaa ukingoni, kanga begani, anatazama njia. "Watu wa shughuli nyingi," alisema. "Watarudisha." Baadaye akasema, "Labda wanatafuta cha kuweka ndani." Baadaye akaacha kutoka. Jikoni kwetu sukari ilihamia kwenye birika, chai ikahamia kwenye sufuria, sufuria ya wali ikawa ya kuogea, nami nikawa naoga nikinukia bizari. Chakula kikapelekwa ukingoni kwenye majani ya mgomba. Siku moja nikamkuta amelishika kabati, anatazama pale mahali pa kopo.

"Ningejua wanaumwa, au wamefiwa, ningesubiri," akasema. "Lakini kunyamaza tu na kopo la mtu? Naumia, Baba Riziki. Twende."

*

Tukaenda Wizarani. Mheshimiwa alitupokea vizuri sana, kijiti cha meno mdomoni.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua kopo langu."

Waziri akacheka, akaona sisi hatucheki, akaacha. Akaeleza kwamba kopo lile limeshaingia kwenye mchakato. Bi Somoe akauliza mchakato una mlango gani, aende akagonge. Ndipo Mheshimiwa akapata wazo, na wazo likimpata mkubwa huwa unaliona usoni: Wahisani wanakuja wiki hiyohiyo. Kwa nini vyombo visirudishwe mbele yao, kwa heshima zote za kitaifa? Serikali inayorudisha! Nani amewahi kuona?

"Na utarudisha kama inavyotakiwa?" akauliza Bi Somoe.

"Mama! Mimi nimezaliwa mtaa wa pili!"

Tukarudi nyumbani mke wangu anaimba. Alipanga kabisa mahali atakapoliweka, na akawa anakisia: wataweka nini? Serikali ni kubwa, haiwezi kuweka ndimu. Labda mchele wa daraja la kwanza. Labda kitenge. Labda wataandika kwamba maji yamerudi bombani. Nilimwambia asiweke matumaini makubwa, halafu mimi mwenyewe nikaanza kuota saa ya mkononi.

Siku ikafika. Bendi ya matarumbeta ilikuwapo, Wahisani walikaa chini ya turubai wakijipepea, na mtaa mzima ulijipanga nyuma ya ukingo, Bi Hidaya akiwa mbele kabisa na kanga mpya, anamtazama mwanawe. Kopo la Bi Somoe likaletwa juu ya mto wa velveti. Limeoshwa likang'aa, na mfuniko wake wa bluu ulioungua pembeni umebandikwa nembo ya Wizara. Tarumbeta zikalia. Mke wangu akapokea kwa mikono miwili.

Nikaona uso wake. Mtu aliyebeba makopo maisha yake yote hahitaji kufungua ndipo ajue. Lakini alifungua, kwa kuwa alitaka kumpa mtu nafasi ya mwisho.

Lilikuwa tupu.

Bendi ikanyamaza, tarumbeta moja ikachelewa kidogo nayo ikanyamaza. Mheshimiwa akaona hewa imebadilika, akawahi kipaza sauti.

"Bi Somoe, usitazame kwa macho ya kawaida! Kopo hili halikurudi tupu! Limejaa amani! Limejaa umoja! Limejaa matarajio!"

Watu wakasogea kuchungulia. Fundi baiskeli akaingiza kidole, akakitoa, akakilamba. Bwana Lukindo, kama mtaalamu, akathibitisha kwamba amani ilikuwa imefika hadi kwenye mfuniko. Na vyombo vya wengine vyote vikagawiwa, kila kimoja kimejaa vilevile.

Nilidhani Bi Somoe atafoka. Nilijua anaweza. Lakini alimtazama Waziri kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyemkuta jirani hajapika.

"Mwanangu," akasema, "mngesema tu kama kwenu hakuna kitu. Tungewaongezea."

Alisema taratibu, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. Wahisani wakaomba kutafsiriwa, na mkalimani akajifanya anafunga kamba za viatu. Bi Hidaya alijifunika uso kwa ile kanga mpya, akageuka, akaondoka bila kuaga.

*

Kesho yake ilikuwa siku ya lori, na Wahisani walibaki waone lenyewe likijaa. Hakukuwa na mkutano. Mimi ndiye balozi, ungefanyika ningejua. Lakini kulipokucha watu walitoka mmoja mmoja na vyombo vyao, makopo, madumu, mabati, vimeoshwa, vimekaushwa, vimefunikwa vizuri. Mapipa yakajaa, ukingo ukajaa.

Bi Somoe alitoka mwisho. Kopo lile alilolisubiri siku zote zile, alilifuta kwa upindo wa kanga, akalifunika, akaliweka juu ya mengine.

"Sijawahi," akaniambia, machozi yanamtoka. "Maisha yangu yote sijawahi kumpa mtu kopo tupu."

Nikalia na mimi. Sikujali nani ananiona.

Lori likajaa mpaka mkono wa chuma ukakosa pa kuweka. Wahisani wakasimama, wakapiga makofi, wakapiga picha. Walisema katika nchi zote walizozipenda hawajawahi kuona wananchi walioelewa maelekezo kwa usahihi namna ile. Mimi nikapewa muhuri mpya, mkubwa kuliko wa zamani. Nikaupokea. Uzito wake sikuusikia.

Yaliyotokea Wizarani alinisimulia Bwana Lukindo, na alisimulia ameshika tumbo. Baraza zima lilikuwa limekaa, leso kifuani, vijiko mkononi. Wakafungua kopo la kwanza: amani. La pili: umoja. Mheshimiwa akafungua, akafungua, akafungua, wenzake wanamsukuma waone kama lile la visheti lipo. Matarajio matupu. Waziri wa Fedha akaegemea ukuta. Wakamkumbuka mpishi wa kantini. Alikuwa mpakani, anahesabu ng'ombe. Siku zilizofuata serikali ilikuwa na amani nyingi kuliko wakati wowote katika historia yake, na haikuweza kupanda ngazi.

*

Alasiri moja nikiwa nimekaa ukingoni, nikaona mtu anakuja kwa miguu, hana king'ora, hana msafara. Suruali imemlegea, ina unga magotini, kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Nyuma yake anatembea Bi Hidaya na mwiko mkononi.

Nikamwita mke wangu. Akatoka, akasimama mlangoni.

"Sema," akasema Bi Hidaya.

"Shikamoo, Bi Somoe," akasema Waziri.

"Marahaba."

"Nimerudisha kopo."

Lilikuwa lenyewe, na mfuniko wake ulioungua. Nembo ilikuwa imebanduliwa. Bi Somoe akalipokea, na nikaona mikono yake inashuka kidogo kwa uzito. Akafungua. Ndani mlikuwa na maandazi. Sijui niyaeleze vipi. Hakukuwa na mawili yenye umbo moja, na moja lilikuwa jeusi kabisa.

"Umeyakaanga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Unga kaumwaga, mafuta kayaunguza, na amelia," akasema Bi Hidaya. "Lakini kakaanga."

Bi Somoe akang'ata moja. Tulisikia mlio. Akatafuna kwa muda, Waziri anamtazama mdomo namna ambayo hajawahi kumtazama mpiga kura yeyote.

"Sukari hamna," akasema mke wangu. "Nje yameungua, ndani mabichi." Akameza. Halafu akacheka, kile kicheko chake ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu, akalikumbatia kopo. "Lakini limerudi! Baba Riziki, limerudi!"

Akaingia nalo ndani mbio kama msichana. Tukasikia vyombo vinagongana, tukasikia harufu. Alipotoka, kopo lilikuwa limejaa pilau, na mvuke unatoka pembeni pale palipoungua. Akamnyooshea Waziri.

Mheshimiwa, ambaye mate yalikuwa yanamtoka waziwazi, akanyoosha mkono. Kisha akausimamisha hewani. Nikaona anapiga hesabu kichwani ya safari ya kurudi.

"Pokea," akasema mama yake. "Ule, halafu ufikirie."

Akapokea. Akakaa kwenye ukingo aliouzindua mwenyewe, kopo magotini, halifungui. Akatazama dimbwi. Akatazama mashimo, na mbuzi aliyelala pale ambapo katikati palitakiwa kufuata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Waziri akifikiri, na nilisogea nimpe nafasi.

"Bi Somoe," akauliza kwa sauti ndogo, "barabara... barabara inaweza kurudishwa kwenye kopo?"

Mke wangu alilichungulia lile kopo, akaitazama njia yetu yote hadi bombani.

"Haitaenea, mwanangu," akasema. "Lakini wewe ilete tu hivyohivyo. Tutapokea kwa mikono."

Nikautoa muhuri wangu mpya mfukoni, nikaufuta vumbi, nikakaa naye pale ukingoni kusubiri.